Batman aliyepokonywa mawazo yake: kwa nini maneno yale yale husikika tofauti kwenye filamu

Swali: Nimeisoma komiki ya The Dark Knight Returns mpaka kurasa zimelegea. Filamu yake ya katuni ina picha zile zile na maneno mengi yale yale, lakini Batman anayesemewa na Peter Weller nasikia amepoa, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Filamu ya katuni ya Batman: Year One haikunisumbua hivyo. Je, Weller aliharibu, au masikio yangu yameshamzoea Kevin Conroy, yule Batman wa mfululizo wa katuni? Na hizi filamu hutangulia kurekodiwa sauti au kuchorwa picha?

Jibu: Masikio yako ni mazima, ila umemkamata asiyehusika. Uamuzi uliofanya filamu ile ipoe ulipitishwa kwenye skripti, kabla Weller hajasogelea maikrofoni. Alipoingia studio alikuta nusu ya Batman wake imeshakatwa.

Rudi kwenye komiki yenyewe. Frank Miller aliitoa mwaka 1986 katika matoleo manne, na humo maneno hupita njia tatu. Kuna viputo, ambavyo ni maneno ya mdomoni. Kuna visanduku vidogo pembeni mwa picha, vinavyobeba mawazo: Batman anajisemea, na wahusika wengine kadhaa nao wana vyao. Halafu kuna televisheni, safu kwa safu za viskrini vyenye watangazaji, wachambuzi na wapita njia wanaobishana kama huyu mzee ni mkombozi au mhalifu. Usiku ule wa kwanza anaporudi mitaani akiwa na miaka 55, mdomo wake hausemi mengi. Anayesema ni yule wa kwenye visanduku: misuli inauma, mvua inampiga kifuani, na juu ya maumivu yote hayo kuna furaha ambayo angeona aibu kuitamka mbele ya mtu. Joto la kitabu kile limefichwa humo.

Filamu iliyoongozwa na Jay Oliva, sehemu ya kwanza mwaka 2012 na ya pili 2013, iliondoa karibu visanduku vyote. Mistari michache ilipewa mdomo, mingine ikaachiwa picha na muziki. Televisheni ikabaki. Ilikuwa rahisi kubaki, kwa sababu mtangazaji wa habari tayari ni mtu anayesema kwa sauti. Unamtoa kwenye karatasi na kumweka kwenye skrini bila kumgusa. Sasa angalia mizani ilivyopinduka. Kwenye kitabu mji unapiga kelele nje na Batman anaujibu ndani kwa ndani. Kwenye filamu kelele za mji zipo vile vile, na jibu halipo. Baridi unayoisikia inatoka hapo.

Sisemi waandaaji walikuwa wajinga. Sauti ya masimulizi inayotembea mwanzo hadi mwisho inaweza kuiua filamu. Kwenye ukurasa jicho hutazama picha, kisha husoma kisanduku, kisha hurudi kwenye picha likiwa na jambo jipya kichwani. Kwenye skrini vyote viwili vinakufikia kwa mpigo mmoja, na mara nyingi sauti inaishia kukueleza kitu ambacho umeshakiona. Mtu anaanguka, sauti inasema naanguka. Hilo linachosha baada ya dakika kumi. Mimi ningebakiza robo ya visanduku, hasa vya usiku ule wa kwanza, lakini naielewa hofu yao.

Year One ilichagua njia nyingine. Komiki yake, iliyoandikwa na Miller huyo huyo na kuchorwa na David Mazzucchelli mwaka 1987, ina wasimulizi wawili, Bruce Wayne, yaani Batman bila barakoa, na askari polisi James Gordon, na mwandiko wa visanduku vyao umetofautishwa ili ujue unaingia kichwa cha nani. Filamu ya 2011 iliyabakiza masimulizi ya wote wawili. Ben McKenzie alimsemea Bruce, Bryan Cranston akamsemea Gordon, na kusema kweli filamu ile ni ya Cranston. Msikilize anaposimulia kuhusu mji aliohamishiwa na mke wake mjamzito: hapandishi, hashushi, anaongea kama mtu aliyevua viatu baada ya zamu ya usiku. Kisha msikilize Gordon huyo huyo akizungumza na askari wenzake. Sauti inakaza, maneno yanafupika. Mhusika mmoja, sauti mbili, ya ndani na ya nje. Cranston alipewa zote. Weller alipewa ya nje tu, halafu sisi tukashangaa mbona mtu huyu hana undani.

Na kuna ushahidi unaonifanya nisimlaumu Weller kirahisi. Aliyeelekeza sauti katika filamu hizo zote ni Andrea Romano, yule yule aliyeelekeza mfululizo wa Batman: The Animated Series kuanzia 1992, uliompa Conroy jina. Sikio lililokuwa upande wa pili wa kioo ni moja. Weller mwenyewe si mgeni wa kazi ya aina hii: aliigiza RoboCop mwaka 1987 akiwa amefunikwa macho, kidevu na mdomo tu ndivyo vikionekana, na akatufanya tumhurumie. Mtu huyo anajua kuigiza akiwa nyuma ya barakoa.

Sasa swali lako la kipi hutangulia. Katika studio za Marekani, sauti ndiyo kawaida hutangulia. Waigizaji hurekodi wakiwa na skripti, pengine na michoro michache ya awali, na wachoraji huja kuusoma mkanda ule herufi kwa herufi: hapa midomo inafunga kwa “m”, hapa inafunguka kwa “a”, kila kitu kikipangwa kwa fremu, 24 kwa sekunde. Picha ikishakamilika, waigizaji huitwa tena kurekebisha mistari michache au kuongeza pumzi na miguno. Japani desturi kubwa ni kinyume: picha hutangulia, na mwigizaji anaongea akiitazama. Ndiyo maana Akira ya mwaka 1988 huzungumzwa sana na watu wa fani; walirekodi sauti kwanza, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwao, na midomo ya wahusika inakwenda na maneno kwa usahihi usiouzoea kwenye kazi za wakati ule.

Maana yake kwako msikilizaji ni hii: mwigizaji hakufuata picha, picha ilimfuata yeye. Akivuta pumzi katikati ya sentensi, mchoraji anaweza kuinua mabega ya mhusika. Akisita, kuna jicho litakalochorwa likiangalia chini. Sauti iliyopoa huzaa uso uliopoa. Na skripti iliyopoa huzaa vyote viwili.

Romano alikuwa na mazoea mengine yaliyomsaidia. Alipoweza, aliwaweka waigizaji chumba kimoja, kila mtu na maikrofoni yake, wakajibizana kama kwenye mchezo wa redio. Studio nyingi hurekodi mtu mmoja mmoja, kwa sababu ratiba za watu maarufu hazikutani, na kisha mhariri huunganisha majibu. Wakati mwingine huwezi kutambua. Wakati mwingine unatambua mara moja: mmoja ananong’ona, mwenzake anamjibu kama yuko ng’ambo ya mto. Miguno ya mapigano, mayowe na kukabwa koo hupendelewa kurekodiwa mwishoni mwa kipindi, kwa sababu sauti ikishakwaruzwa hairudi siku hiyo.

Kuna kikwazo kingine ambacho wasomaji wa komiki hawakifikirii mpaka wakisikie: muda. Mwandishi wa komiki anaweza kumpa shujaa maneno arobaini kwenye picha ya ngumi moja, na wewe huoni tatizo, kwa sababu ngumi imesimama ikikusubiri. Mtu wa kawaida akiongea Kiingereza hufikia takriban maneno 150 kwa dakika. Maneno arobaini ni sekunde kumi na sita. Ngumi haiwezi kuelea hewani sekunde kumi na sita. Basi ama unakata maneno, ama unamfanya mwigizaji akimbie, ama unarefusha pambano kwa mateke yasiyokuwa na kazi. Filamu za aina hii zinazotoka moja kwa moja kwa kuuzwa au kukodishwa nyumbani huwa fupi, Year One ni kama saa moja na dakika chache, kwa hiyo mara nyingi kisu ndicho hushinda.

Halafu yale maneno yaliyokolezwa wino. Komiki za Marekani zina tabia ya kukoleza neno moja au mawili katika kila kiputo. Kwa jicho ni mapambo yanayokusukuma mbele. Mwigizaji akiyatii kama alama za mkazo, anasikika kama anamfokea kiziwi. Wazoefu huuliza swali moja tu, huyu mtu anataka nini kwa mwenzake hapa, na mkazo huangukia mahali pake wenyewe.

Nije kwa Conroy, maana nusu ya swali lako ni yeye. Mbinu yake ina babu. Kipindi cha redio cha Superman kilipoanza mwaka 1940, Bud Collyer alikuwa na shida ambayo hakuna mchoraji aliyewahi kuwa nayo: msikilizaji haoni miwani ya Clark Kent. Atajuaje sasa ni Clark, sasa ni Superman? Collyer alimpa Clark sauti ya juu, nyepesi, na alipobadilika aliishusha hadi kifuani katikati ya sentensi. Akaenda na ufundi huo kwenye katuni fupi za Superman zilizoanzishwa na studio ya Fleischer mwaka 1941, ambazo hadi 1943 zilikuwa zimefika 17. Shujaa wa sauti mbili alizaliwa redioni, watu wa katuni wakamrithi.

Conroy, aliyesomea uigizaji katika chuo cha sanaa cha Juilliard na kupitia jukwaani, aliugeuza ufundi huo kidogo tu, na mgeuzo huo ukawa kila kitu. Kwake, Batman ndiye mtu halisi. Bruce Wayne, mchangamfu wa kwenye tafrija, ndiye barakoa. Sikiliza: Bruce wake ana tabasamu linalosikika, maneno yanaruka juu ya koo. Batman wake hapigi kelele wala hakwaruzi. Anashuka na kupunguza mwendo, basi. Hapa maikrofoni inasaidia: maikrofoni nyingi za studio, ukizisogelea sana, huongeza mvumo wa chini wa sauti. Mtu anayenong’ona karibu anasikika mzito kuliko anayefoka mbali. Waigizaji wengi waliomfuata walidhani siri ni kukwaruza koo. Wapi!

Kama unataka kumpima vizuri, tazama Batman: Mask of the Phantasm ya Desemba 1993. Kuna mahali Bruce kijana, ambaye bado hajawa Batman, anasimama mvuani mbele ya kaburi la wazazi wake. Amempenda mwanamke, na anawaomba wafu wamwachie kiapo alichowaapia. Conroy anaanza na sauti ya Bruce. Sauti hiyo inamfia njiani, haiwezi kubeba ombi zito namna hiyo. Ya Batman bado haijazaliwa, hana pa kujificha. Kinachobaki ni sauti ya tatu, ya kijana anayekiri kwamba hakutegemea kuwa na furaha, na ambayo haisikiki tena mahali pengine popote kwenye filamu. Sentensi zinakatika, moja inasukumwa mpaka mwisho kwa nguvu. Muziki unakaa nyuma. Ni chini ya dakika mbili.

Filamu hiyo ina pia ujanja ambao kwa kawaida sipendi kuutaja kwa mtu asiyeiona, kwa hiyo kama hujaiona ruka aya hii. Muuaji mwenye barakoa anasemewa na Stacy Keach, na Keach huyo huyo anamsemea baba wa mwanamke yule. Masikio yako yanaunganisha sauti mbili, yanamtia hatiani baba, na wewe unajiona mjanja. Barakoa inapovuliwa, chini yake ni binti, anayesemewa na Dana Delany. Sauti ilidanganya kwa makusudi, na ilikuwa na haki, kwa sababu barakoa ile inabadili sauti. Komiki ingehitaji ujanja mwingine kabisa. Delany, kwa taarifa yako, baadaye alipewa nafasi ya Lois Lane katika mfululizo wa Superman wa 1996.

Kwa hiyo ndiyo, umemzoea Conroy, na si wewe peke yako. Aliifanya kazi ile kwa miongo mitatu, akafariki Novemba 2022, na hata baada ya kufa sauti yake ilisikika kwenye sehemu ya tatu ya Justice League: Crisis on Infinite Earths mwaka 2024. Mwigizaji yeyote anayemsemea Batman baada yake anaingia chumba ambacho bado kina mtu. Lakini mazoea hayo hayakukuzuia kumpenda McKenzie, sivyo? Hapo ndipo nilipojua shida yako kubwa ni visanduku.

Waliolitatua tatizo la visanduku vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watu wa Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018. Miles Morales akishaumwa na buibui, mawazo yake yanaanza kutokea kwenye skrini yakiwa ndani ya visanduku vya komiki, huku tukiyasikia kwa sauti ya Shameik Moore. Na Miles mwenyewe anayasikia! Anashtuka kwamba kichwa chake kina kelele kiasi kile, anapita kwenye korido ya shule akidhani kila mtu anasikia. Kisanduku kimegeuka kuwa tukio. Kinamtisha, kinamchekesha mtazamaji, kinabeba hadithi mbele. Si msimulizi tena aliyekaa juu ya picha.

Filamu hiyo hiyo inajua pia wakati wa kuficha mawazo. Baba yake Miles, anayesemewa na Brian Tyree Henry, anakuja mlangoni kwa chumba cha mwanawe bwenini. Miles yuko ndani, amefungwa kwenye kiti kwa utando, mdomo umezibwa. Baba hajui, anadhani mtoto amekasirika hataki kujibu. Anaongea na mbao. Henry anaanza kama askari anayetoa taarifa, anajikwaa, anacheka kidogo pasipo na kichekesho, kisha anasema anachotaka kusema na kumwambia mwanawe si lazima ajibu. Hakuna kisanduku hata kimoja cha Miles katika tukio hilo. Tunajua anachowaza kwa sababu ya sauti ya mwenzake. Weller angepewa tukio moja la namna hiyo, leo usingekuwa unaniandikia.

Watu huuliza pia kama ni halali kuwapa mastaa wa filamu kazi ambazo waigizaji wa sauti wamezisomea maisha yao yote. Hoja ya pesa na matangazo naielewa, siipendi. Ila mpaka haukai pale watu wanapouchora. Mark Hamill alikuwa staa wa sinema kabla hajawa Joker, adui mkubwa wa Batman, na aliipata nafasi hiyo baada ya Tim Curry kurekodi kwanza na kisha kubadilishwa. Leo huwezi kumtaja Joker wa katuni bila yeye. Nicolas Cage ni staa wa kutupwa, lakini kwa yule Spider-Man wa rangi nyeusi na nyeupe wa Into the Spider-Verse alikwenda kuchota kwa waigizaji wa zamani kama Humphrey Bogart na James Cagney, akaleta kitu kilichotengenezwa kwa sikio. Kipimo changu ni kufumba macho dakika tano. Kama bado najua nani anaongea, amesimama umbali gani na mwenzake, na nani kati yao anaogopa, staa au si staa, kazi imefanyika.

Sasa rudi kwa Weller ukiwa na jambo moja la kusikiliza. Usimpime kwenye matukio anayokuwa peke yake. Huko ndiko alikonyang’anywa. Mpime anapokuwa na mtu wa kumwambia. Akiwa na Gordon, aliyesemewa na David Selby, sauti inalegea, wazee wawili wanaojua kwamba muda umekwisha. Akiwa na Carrie Kelley, msichana anayekuwa Robin, msaidizi wake, inapata ukali wa mwalimu anayejizuia kumsifu mwanafunzi. Na kwenye pambano la mwisho na Superman, katika sehemu ya pili, maneno yanatoka mdomoni na yana mtu wa kuyapokea usoni. Weller hapandishi. Anayatoa polepole, karibu na maikrofoni, kwa chuki na mapenzi ya miaka mingi yaliyochanganyika, kama mtu anayetaka kila neno likumbukwe. Sehemu zote mbili zimeunganishwa kuwa filamu moja ya karibu saa mbili na nusu, nakushauri utafute hiyo, na uitazame kwa lugha yake ya asili yenye maandishi chini. Aliyeingiza sauti kwa lugha nyingine alilazimika kukimbiza midomo iliyochorwa kwa pumzi za Weller, na lawama zake ni kesi nyingine kabisa.